Matumbo ya Mbuta na Shahada ya Mwalimu Wekesa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni la samaki nikaambiwa nihesabu. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, katika maabara ndogo ya chuo kikuu ukingoni mwa ziwa, hapa Kisumu. Nilitoka Obunga, nilikokuwa nikikaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta, samaki ambaye wengine humwita sangara, inayobaki viwanda vikishaondoa minofu. Niliajiriwa kuosha vyombo. Nilihesabu nikapata arobaini na mmoja. Msimamizi wa Maabara akapata arobaini.

"Mama, mmoja umemla?"

"Bwana, wabichi sili."

Tukahesabu pamoja, wakawa arobaini na wawili. Tukarudia, arobaini na wawili. Akaandika, kisha akasema, "Hesabu ya mara moja ni maoni tu." Nikajua tutaelewana.

Baada ya miaka michache nilikuwa fundi wa maabara. Kazi yenyewe ilikuwa kumlaza samaki kwenye ubao wa kupimia, kumpasua, na kutia tumbo lake ndani ya fomalini, dawa kali inayozuia kuoza na kukuliza bila msiba. Siku kadhaa zikipita, unalihamishia kwenye spiriti. Nilihamishwa Homa Bay kwa muda, chini ya Ofisa wa Kituo aliyependa chai kuliko samaki, kisha nikarudishwa. Na kote huko walikuja wanafunzi wa uzamili, wale wanaotafuta digrii ya pili.

Niliwachunguza kama nilivyochunguza samaki. Mtu mzima, ana mke na watoto, lakini akimwona profesa anaficha mikono mifukoni. Wasimamizi wao walikaa kampasi kuu, mbali, wakaja mara moja kwa muhula. Katikati hapo mwanafunzi alidhani hana wa kumuuliza, kwa sababu alikuwa amehesabu wenye ofisi peke yao.

Mwalimu Wekesa alikuwa mmoja wao. Kwao Bungoma, alifundisha biolojia Ahero, na alipewa likizo ya masomo ya miaka miwili bila hata siku ya nyongeza. Asipomaliza, anarudi darasani bila shahada. Swali lake lilikuwa tamu: mbuta, ambaye aliletwa ziwani na watu, siku hizi anakula nini? Kila wiki alinunua samaki fuo tatu kwa fedha za utafiti, akafunga matumbo chupani, na ndani ya kila chupa akatia lebo yenye tarehe, ufuo na urefu wa samaki. Mwandiko wake ulipendeza. Sikuukagua, nilikuwa bado Homa Bay.

Niliporudi nilimkuta mbele ya rafu, ameinua chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, njoo uone."

Lebo ilikuwa nyeupe. Nikachukua nyingine, nyeupe. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya biro, na spiriti ikala wino wote. Kila fundi anajua kwamba lebo ya chupani ni ya penseli, lakini mwalimu wa biolojia atamuuliza nani jinsi ya kuandika? Daftari lake lilikuwa na urefu wa samaki wote, ila tumbo lipi ni la nani, hakuna aliyejua. Chupa mia moja na kumi na nane. Nilihesabu, nikarudia. Likizo ilibakiza miezi minane.

"Mama, tukiyagawia urefu kwa kukisia tu?" akanong'ona. "Tumbo kubwa, samaki mkubwa. Nani atajua?"

Sitadanganya, nilipima bei ya shauri lile. Nimekulia sokoni, najua kumuuza samaki aliyelala kana kwamba ametoka majini asubuhi hii.

"Anayeuziwa ni nani?" nikamuuliza. "Profesa wako peke yake?"

Akairudisha chupa rafuni. "Na kila atakayenisoma."

Alikuwa amejijibu. Akaanza kufunga mkoba arudi Ahero kimya kimya. Nikaushika ule mkoba.

"Profesa anakuja Alhamisi. Aibu ya leo na ya Alhamisi ni bei moja. Ngoja."

Alhamisi tuliingia pamoja. Profesa aliinua chupa moja baada ya nyingine.

"Zote?"

"Zote, Profesa."

"Sahau lebo. Ndani ya matumbo uliyofungua uliona nini?"

Wekesa akaanza kwa kigugumizi. Akasimulia uduvi wadogo tunaowaita ochong'a, na mbuta wachanga waliomezwa na wakubwa wao. Mbuta anakula watoto wake! Alipofika hapo mikono ilikuwa imetoka mifukoni, inapima hewa.

"Swali lako bado lina uhai," Profesa akasema. "Chukua ufuo mmoja, matumbo themanini. Pesa sina."

Basi nikaenda ufuo wa Dunga kwa Min Otieno, yaani mama Otieno, mkubwa wa kina mama wauza samaki, kumwomba matumbo tu, samaki wabaki wao.

"Nyar Obunga," akaniita, yaani binti wa Obunga, "samaki akipasuliwa mapema, mnunuzi anasema amelala. Kwani tumboni mna nini hata mlililie?"

"Hatujui. Ndiyo maana tunalilia."

"Mtanipa nini?"

"Taja wewe."

"Mizani ya ukweli. Hii ya mawakala wa viwanda husinzia mimi nikiweka samaki."

Nilirudi kwa Msimamizi wa Maabara.

"Mama, mizani ya maabara haitoki nje."

"Haitoki, Bwana. Mimi ndiye natoka. Yenyewe inanisindikiza."

Akatazama dari. "Irudi kabla ya saa sita."

Kwa hiyo kila asubuhi Wekesa alipima, mawakala wakanuna, na kina mama wakapasua wenyewe, mkato mfupi ambao haumharibu samaki. Mimi nilikaa karibu, penseli mkononi. Haikupita wiki wakaanza kuuliza kabla yetu, "Leo amekula nini?" Wengine waliwekeana dau la ndizi.

Tumbo la hamsini na tatu lilikuwa na fulu, yule samaki mdogo aliyejaa ziwani tukiwa wasichana, kabla mbuta hawajawamaliza wenzake. Mizani ikaachwa inaning'inia. Wote wakaja kumtazama.

"Huyu tulimpa paka," Min Otieno akasema polepole. "Na paka alichagua."

Katika matumbo themanini, fulu alikuwa huyo mmoja. Tungaligawa zile chupa kwa kukisia, tusingalijua.

Tasnifu, yaani kitabu cha utafiti wake, iliwasilishwa siku tisa kabla ya likizo kwisha, na watahini wakaipitisha.

Sasa nimestaafu. Wanaoanza uzamili bado hupita kwangu, nami nawaambia: muulize anayeosha chupa, na kosa lako lipeleke mlangoni kabla halijachacha. Wengine huandika maneno hayo kwa biro. Nawaacha.

Wekesa alipokwenda ufuoni kuaga, Min Otieno hakuacha kupanga samaki wake.

"Umepita?"

"Nimepita, Mama."

Akamchagulia mbuta mmoja mnene, tumbo halijaguswa, akamfunga kwenye gazeti.

"Huyu usimsome," akasema. "Kula."