Milele Iliyobanwa Mlangoni

Zamani mtu akitaka neno likae ukutani alimwita fundi mwenye brashi, akamngoja siku tatu. Siku hizi neno huwashwa asubuhi na kuzimwa mchana, kama taa ya chooni.

Mchora mabango mmoja alikuwa mtu wa zamani hizo. Maduka yote ya barabara kuu yalivaa herufi zake, mpaka zilipokuja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Leo alimpoteza kinyozi, kesho fundi viatu, hadi brashi zikakauka ndani ya kopo. Hakulia. Ulibaki ukuta mmoja alioamini hautaguswa: ule wa mbele kanisani, alikoandika ujanani, kwa rangi nyeusi ya mafuta, BWANA HABADILIKI MILELE.

Kila fundi wa herufi anajua kwamba maneno huhesabiwa kwanza, kisha huanzwa katikati, ili pande mbili zilingane. Lakini siku ile alikuwa na wiki mbili tu tangu aoe, mkewe amemshikia uzi wa kupigia mstari, naye kwa kiherehere akaanzia kushoto. MILELE ikafika kwenye fremu ya mlango wa kando ya madhabahu imebanwa kama mguu ndani ya kiatu cha kuazima.

"Fundi," mkewe akasema, "milele yako imekosa pa kukaa."

Alitaka kuifuta. Mkewe akamshika mkono. "Iache. Iliyobanwa haianguki."

Miaka thelathini baadaye mke huyo aliagwa mbele ya ukuta uleule. Fundi hakusikia mahubiri. Aliyasoma yale maneno matatu, akayashika kama mtu aliyetumbukia kisimani anavyoshika kamba.

Basi Ijumaa moja mchungaji, kijana aliyebatizwa fundi akiwa tayari na mvi, akamwita ofisini.

"Baba, ukuta wa mbele tunaupaka mweupe. Tumepata projekta."

"Na neno?"

"Neno halipotei. Litaonekana pale pale, tena kwa rangi."

"Umeme ukikatika?"

"Jenereta ipo."

"Na mafuta yakiisha?"

Mchungaji akacheka. "Hapo Mungu yupo, baba."

"Kumbe unajua yupo. Nilidhani naye mmempatia jenereta."

Nyumbani binti yake akambembeleza. "Baba, ukuta ni wa kanisa. Waache wapake."

"Wapake kina nani? Hawa wanaomwaga rangi kama wanamwagilia bustani? Maiti huoshwa na wa kwake. Nitapaka mwenyewe."

Jumamosi alimwonya mchungaji kwamba rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta. Lazima kusugua kwa msasa, kisha rangi ya kutangulizia, na hiyo ni kazi ya siku mbili.

"Kesho ni ibada, baba. Piga rangi mkono mmoja tu."

Mkono mmoja tu. Ndivyo wanavyojenga siku hizi, ndivyo wanavyooa, ndivyo wanavyosali.

Akapanda ngazi. Alipofika kwenye HABADILIKI brashi ikasita, akasema kwa sauti, kanisa likiwa tupu: "Wewe hubadiliki, nakubali. Nilikuamini nikiwa naye, nakuamini nikiwa peke yangu. Lakini mbona hawa wanaokuhubiri hawatulii? Na mbona kila wanachokivunja ni changu?"

Hakuwahi kujibiwa, na hilo halikumfanya aache kuamini, ila hasira haikumtoka. Akachovya brashi, akaendelea mpaka mlangoni.

Jumapili alikaa benchi la nyuma. Projekta ikawaka, mawingu na jua yakajaa ukutani, watu wakapiga makofi. Picha ilikuwa pana, lakini haikuufikia mlango. Pale kando, nje ya mwanga, rangi ilikuwa imekauka ikiwa nyembamba, na herufi sita zilizobanana zilichungulia, za kijivu. Kazi mbovu, alijisemea. Angekuwa ni mtu mwingine aliyeipaka, angemtukana.

"Baba," binti yake akanong'ona, "unatazama wapi? Picha iko huku."

"Tazameni picha yenu. Mimi nasoma."

Akazisoma mpaka baraka ya mwisho. Jumatatu wakaleta mashine ya kusugulia, na Jumapili ile ndiyo ikawa mara ya mwisho kuziona.