Niliandika Sifuri

Kampuni ya Nairobi ilipotaka kutununua, haikuuliza maabara yetu ya Embu ina mashine gani. Ilitaka vichwa, yaani watu wenye ujuzi. Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu wa kompyuta, na dada mmoja wa Gachoka mwenye diploma, aliyekuwa akituchagulia mbegu za ndengu zinazovumilia kiangazi. Miaka tisa niliinama naye shambani. Akishika ganda moja tu, anakwambia, "Daktari, huu mmea utatuangusha." Na kweli, msimu ukiisha, umetuangusha.

Wakaniletea fomu. Kando ya kila jina, swali moja: mtu huyu asipokuja, utafiti utachelewa miezi mingapi? Hiyo miezi ndiyo wangeitumia kupiga hesabu ya bei ya mtu. Mimi, na kusoma kwangu kote, sikulijua hilo. Nilidhani wanauliza nani lazima ahamie Nairobi, na dada alikuwa na mama mgonjwa nyumbani. Nikasema huyu nitamkinga. Mimi nikajiandikia miezi kumi na minane, wa kompyuta kumi, dada sifuri. Nikajiona mtu wa maana sana.

Barua za ajira zilikuja mbili: yangu na ya mwenzangu wa kompyuta.

Nilimpigia simu mwanamke wa kampuni aliyeniletea ile fomu, nikafoka vibaya. Aliningoja nimalize. "Lakini ni wewe uliyesema asipokuwepo hakuna kinachoharibika," akasema. "Ukibadilisha sasa, kamati itaona unapandisha bei tu." Na maabara ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi; dada angebaki bila kazi.

Nikaenda Gachoka kumwambia mwenyewe. Nilimkuta uani akipepeta ndengu za majaribio. Nilieleza, nikazunguka, mpaka akaomba kuiona fomu. Akaisoma polepole.

"Hii sifuri ni yangu?"

"Nilitaka wasikuhamishe. Kwa sababu ya mama."

"Si ungeniuliza, Daktari."

Miaka tisa namuuliza kuhusu kila mbegu, na hili moja sikumuuliza. Iliniuma, na bado inaniuma hivyo hivyo.

Akanirudishia karatasi. "Mama alikubali Jumapili," akasema. "Tungehamia Nairobi wote. Tayari ameshawagawia majirani kuku wake."

Mlangoni mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa sweta nzito, akanisalimia na kuniuliza huko Nairobi baridi ni kali kiasi gani.