Samaki Aliyewekwa Kwenye Ndoano ya Janeti

Kuna Jumamosi moja ambayo haitaki kunitoka kichwani, mwanangu. Kwa kuwa kesho unawapeleka watoto wagonjwa kuvua samaki kwa mara yako ya kwanza, keti nikusimulie.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwili mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Vijana wa parokia yetu hapa Bunia tulijitolea kuwatoa hospitalini watoto wenye magonjwa mazito, waepukane na harufu ya dawa asubuhi moja. Muzee Kambale, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, alikuwa na mabwawa ya tilapia nje kidogo ya mji, na alituazima fimbo na ndoano. Nilijiona malaika. Usicheke, nilijiona hivyo kweli.

Nilipewa Janeti, msichana wa miaka kumi aliyezaliwa na ugonjwa wa damu. Yeye na mama yake walikuwa wamekimbia vita huko Djugu. Unajua hospitali zetu, mgonjwa hulishwa na jamaa yake. Kwa miezi mingi mama huyo alipika nyuma ya wodi pamoja na jamaa za wagonjwa wengine, na mara nyingi chakula chote alimpa mtoto, akisema yeye ameshakula. Janeti alijua si kweli. Njiani aliniambia, akiniita yaya kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "Yaya, leo mi njo nitamulisha mama. Samaki yangu mwenyewe. Atakula mbele yangu."

Hicho tu ndicho alichotaka. Hakuomba kupona.

Basi tulikaa kando ya bwawa tangu asubuhi. Watoto wengine watano walivua, wakapiga kelele, wakafurahi. Ndoano ya Janeti haikuguswa. Nilipotaka kumshikia fimbo aliniondoa kwa kiwiko. Ilipokaribia saa ya kurudi kwa dawa, uchovu ulimshinda, akalala kwenye mkeka.

Nilimwonea huruma, ndiyo. Lakini wewe ni mwanangu, sitakuficha: nilikuwa pia nimechoka, na nilitaka kurudi nikiwa nimefanya vizuri. Nikaenda kwenye beseni la muzee Kambale, nikachukua tilapia aliyevuliwa alfajiri, nikamtundika kwenye ndoano ya Janeti na kuitumbukiza majini. Kisha nikampigia kelele, "Janeti, amuka! Imekula!"

Akavuta. Watu wote wakampigia makofi. Akamshika samaki kwa mikono miwili, akambonyeza ubavuni, na tabasamu likafifia usoni pole pole. Samaki alikuwa amekakamaa kama kipande cha ubao. Janeti alinitazama. Njia nzima alimpakata yule samaki mapajani.

Hospitalini alimpa mama yake yule samaki na kusema, "Mama, hii haiko yangu. Ni ya yaya."

Nikacheka cheko la mjinga, nikasema mtoto anatania. Mama yake hakucheka. Alinivuta hadi kwenye mafiga yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Siye wote tunamudanganya. Miye namudanganya juu ya chakula, munganga anamudanganya juu ya dawa. Weye njo ulikuwa umebakia wa kumuambia ukweli."

Kweli nilitamani ardhi inimeze. Nilirudi kitandani kwa Janeti, nikamwomba msamaha, nikamwahidi kuwa Jumamosi inayofuata tutarudi, na safari hii sitagusa ndoano yake. Akaitikia kwa kichwa tu.

Jumamosi hiyo barabara ya mabwawa ilifungwa kwa sababu ya risasi. Mtaa wetu nao ulizingirwa, hata hospitalini sikuweza kufika. Ya pili ikawa vilevile. Nilipofika siku ya kumi na sita, nilimkuta mama yake peke yake, anafunga sufuria zake kwenye kitenge. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Nililia, nikamwambia nilikuwa nakuja kweli, ni barabara tu.

"Najua," alisema. "Kila siku nilikuwa namuambia, yaya atakuja. Naye ananiuliza, 'Mama, ni ya kweli, ao ni kama ile ya samaki?'"

Mwanangu, ile ahadi ilikuwa ya kweli. Pengine ndiyo maneno ya kweli kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu. Na Janeti alikufa bila kuweza kuyaamini, kwa sababu nilikuwa nimeyaharibu mwenyewe kwa samaki mmoja. Watoto wagonjwa nimewahudumia miaka mingi tangu siku hiyo, na jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho samaki akikataa kula, mwache akatae. Mtoto akilia, keti naye alie. Mrudishe kwa mama yake mikono mitupu kama ndivyo siku ilivyokwenda, na usimwongezee furaha ya kutengeneza ili wewe ulale vizuri. Mtoto anayekaribia kufa anahitaji mtu mmoja ambaye ndiyo yake ni ndiyo. Uwe wewe.

Haya, nenda. Mungu akupe moyo wa kuvumilia machozi ambayo huwezi kuyafuta, na watoto utakaowachukua kesho wakikuuliza neno, waamini utakalowajibu.