Logi Zilizonyamaza za Ghala la Ndengu

Mama wa ghala alinipigia simu nikichemsha chai ya ofisi, hapa Machakos mjini. Yeye hupokea magunia ya ndengu na mbaazi kule Katangi, huyapima, kisha huyaandika kwenye kompyuta, kwa programu tuliyomtengenezea sisi.

"Mwanangu, kamati ya ghala imehesabu mizigo. Imepata magunia mengi kuliko yale yaliyo kwa kompyuta. Sasa wanasema napokea ya pembeni nijiuzie."

"Lakini uliyaandika yote, mwaitu?" nikamuuliza, nikimwita mama kwa Kikamba chetu.

"Kumbe na wewe umeanza."

Nikaona haya. Jumamosi kamati ingekaa juu yake, na mtu akitolewa ghalani kwa jina la mwizi, Katangi nzima hakuna atakayempa hata duka la kufagia. Nikamwambia asubiri, nitaangalia logi.

Logi ni mistari ambayo programu hujiandikia kila inapofanya jambo. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne tu, mengine nikajifunza kwa video kwenye saiba, pale pa kulipia intaneti, lakini logi nilizipenda tangu mwanzo. Huwa naota programu yangu itatumika Ukambani kote, na kila ghala liniandikie asubuhi kwamba limeamka salama. Nikafungua faili kwa furaha. Mama ameingia, imeandikwa. Mama ametoka, imeandikwa. Katikati, pale ambapo maktaba ya Java, yaani kipande cha programu cha kuazima kinachopeleka alichoandika mama kwenye hifadhidata kikahifadhiwe, ilipaswa kusema imepeleka nini, palikuwa peupe. Faili lingekuwa tupu lote, ningesema limeharibika. Lakini kunyamaza pale katikati tu? Nikajiambia, hapa kuna mkono wa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu. Tuko wawili tu ofisini, mimi na mkubwa wangu, kijana wa kutoka Mlolongo ambaye ndiye aliyepanga seva. Mwenyekiti wa ile kamati ni mjomba wake. Nilikuwa najua hilo siku zote na halikuwahi kunisumbua, ila sasa kila alichofanya kilinukia. Akipokea simu akitoka nje, nasikiliza mlango. Akigeuza kompyuta kukwepa jua, naona anaficha skrini.

"Mbona unaniangalia kama mwizi wa kuku?" akaniuliza.

"Logi za hifadhidata haziko."

"Ongeza kiwango, ziseme zaidi."

"Nimeongeza mpaka mwisho."

"Basi umeandika vibaya."

"Nimeandika kama ulivyonifundisha."

"Ndio nasema umeandika vibaya."

Sikucheka. "Si wewe ulizizima?"

Akaweka kikombe chini. "Nizizime ndio nipate nini?"

"Mwenyekiti ni mjomba wako."

"Mjomba wangu hata alamu ya simu namwekea mimi. Nitaharibu kazi yangu kwa sababu yake?" Akavuta kiti akaja upande wangu. Niliona ameumia, na bado sikumwamini. "Wacha kuniuliza mimi. Iulize maktaba yenyewe inaongea na nani."

Nikaandika mstari mmoja wa kuiuliza. Jibu likaja na jina la mwandishi wa logi, yaani programu ndogo inayoiandika ile mistari, ambaye sisi hatukumweka. Mipangilio yetu yote tulikuwa tumempa mwandishi mwingine. Maktaba ile ina tabia yake: ikiamka, hutafuta waandishi waliomo ndani ya folda kwa mpangilio inaoujua, na wa kwanza kumpata ndiye humpa maneno. Huyu mgeni alikuwa akiyapokea na kuyameza.

"Huyu ametoka wapi?" nikauliza, jicho likiwa kwake.

"Kwa folda."

Ni kweli. Ofisini kwetu hakuna anayeanza kazi na folda tupu. Tunachukua ya kazi iliyopita na vyote vilivyomo, maana hujui kipi kitakufaa, kama vile nyumbani tunavyochanganya mahindi, kunde na mbaazi kwenye mkebe mmoja wakati wa kupanda. Mgeni alikuja hivyo, na wala hakutumwa na mtu.

Tukamtoa, tukaitajia maktaba mwandishi wake waziwazi. Mistari ikaanza kumwagika. Nikampigia mama, nikamwomba achague gunia moja lisiloonekana kwa kompyuta aliandike upya, vilevile kama siku ile.

"La mke wa fundi wa baiskeli," akasema. "Bwana yake alileta lake asubuhi, yeye akaja na la shamba lake jioni."

"Andika yote mawili."

La bwana likaingia, likathibitishwa. La mke likaingia, kisha mstari uliofuata ukasema limerudishwa nyuma, halikuhifadhiwa. Lakini mama akasema skrini yake imemwonyesha asante ileile ya la bwana. Namba ya mkulima ni moja kwa nyumba nzima, na sisi tulikuwa tumeiambia programu namba moja ilete mzigo mmoja kwa siku. Hatukufikiria kwamba mke ana shamba lake na gunia lake.

Mkubwa wangu akashika kichwa. Nikamweleza mama kwamba ni kosa letu, na magunia yake ni halali.

"Umemwambia mwenyekiti, ama umeniambia mimi kwanza?"

"Wewe kwanza, mwaitu."

"Hapana, siwezi jua utamwambia nini nikikata. Mpigie sasa, mimi nikiwa hapa kwa simu. Nataka kusikia."

Mkubwa wangu akampigia mjomba wake kwa simu yake, tukaziweka simu zote mbili mezani, zikigusana. Akaeleza yote, bila kuruka kosa letu. Upande wa pili mjomba akakohoa, akauliza tena, akaelezwa tena. Mwishowe akasema atawaambia kamati wasiitane Jumamosi.

"Hapana, waitane," mama akasema kutoka simu ya pili. "Waliniita mwizi wakiwa wamekaa. Wakae tena."

Mwenyekiti hakuwa amejua kwamba mama anasikiliza. Tulisikia kiti kikisogezwa kwake.

"Sawa, mama," akasema. "Watakaa."