Mama Alipofungua kwa Maombi

Mama alipokuja kutoka Kenya kukaa nami Apple Valley, huku ughaibuni, nilimwonyesha kila kitu isipokuwa chupa ndogo ya mafuta ya bangi niliyoificha chumbani. Nina endometriosis: nyama laini kama ile ya ndani ya mji wa mimba imeota nje yake, na kila mwezi inavimba na kuuma kama jino bovu. Jimbo lilikuwa limeanza kuwaruhusu wenye maumivu sugu kutumia mafuta hayo kwa kibali cha daktari. Lakini nenda ukamweleze hayo Mama, mwenyekiti wa kina mama kanisani kwake! Kwetu bangi ni mambo ya wahuni na polisi, basi.

Kila Jumamosi alasiri wanawake wenye shida hiyo tulikuwa tukikutana kwangu. Mara nyingi tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki yangu nesi, Mkenya mwenzangu, mtu wa maneno makavu na moyo mzuri. Tulielezana yaliyotupata: anza na kidogo sana, subiri, usiendeshe gari, na kama bado hujapata uraia muone wakili kwanza, maana jimbo linaruhusu lakini serikali kuu hairuhusu. Zaidi ya hapo ilikuwa chai, mfuko wa maji moto tumboni na kuwasengenya madaktari waliotuambia tunywe dawa ya kichwa tukalale.

Jumamosi ile tulikuwa na mgeni, dada mmoja kijana kutoka Kongo aliyetunza wazee pamoja na yule nesi. Alikuwa amekosa zamu nyingi hivi kwamba kazi ilikaribia kumponyoka, na mumewe alishaanza kumwita mvivu. Nesi alimbembeleza kwa miezi ndipo akakubali kuja. Nilipomchukua kwake Richfield, alikaa garini mkono ukiwa kwenye kitasa, kama mtu atakayeshuka wakati wowote. Njia nzima niliomba tumkute Mama amelala.

Wapi! Mama aliona wanawake, chai, mlango umefungwa na nyuso zisizo na furaha, akajua hiyo ni ibada ya nyumbani ambayo sikumkaribisha. Akajifunga kitambaa kichwani, akaja na Biblia yake, akakaa kwenye kiti kikubwa. Ningesema nini? Kwetu mkubwa akishaketi, ndiye anayefungua kikao.

"Haya," alisema, "kila mmoja ataje ombi lake, halafu tusimame tuombe."

Nesi alinitazama, akasema anaomba amani kazini. Mwongo mkubwa. Mimi nikaomba afya njema, kwa jumla. Mgeni wetu hakujua kwamba tunakwepa. Alidhani ndivyo tunavyoanza kila wiki, kwa hiyo alisema kweli.

"Mama, minaomba Mungu anisaidie. Niko na maumivu ya tumbo, kila mwezi niko naanguka ku kazi. Hawa ba dada banasema kuko dawa ya bangi, nabo banatumia. Lakini niko naogopa, Mama. Ni zambi?"

Neno moja la Mama lingetosha kumrudisha yule dada kwake, na asingemfungulia mtu mwingine moyo kuhusu tumbo lake. Nilikuwa nimeshamkasirikia Mama kabla hajafungua kinywa.

Alinigeukia mimi.

"Na wewe unatumia?"

"Natumia, Mum."

"Ya daktari?"

"Ya daktari."

Alifunika Biblia, akaiweka mezani karibu na sahani ya mandazi. Kisha akamwuliza mgeni yanamuuma wapi hasa. Yule dada alionyesha chini ya kitovu, akapeleka mkono nyuma kiunoni. Mama aliufuata mkono ule kwa macho, halafu akaweka wake mahali pale pale kiunoni mwake mwenyewe, juu ya kanga aliyojifunga.

"Inashuka mpaka kwenye paja," alisema. "Na ukienda haja unauma meno."

"Ndiyo, Mama! Ni vile!"

"Mimi iliniuma hivyo tangu usichana mpaka hedhi ilipokoma. Waliniambia nikizaa itaisha. Nikazaa watano."

Nesi aliweka kikombe chini. Mimi nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu utoto wangu wote, nikimjua kama mtu asiyeugua. Siku alizojifungia chumbani tuliambiwa anafunga na kuomba, nasi tukatembea kwa kunyata.

"Sasa Mama," mgeni aliuliza, "ulikuwa natumia dawa gani?"

"Dawa?" Mama alifikiri kidogo, kana kwamba kweli palikuwa na jina la kukumbuka. "Nilikuwa nanyamaza, mwanangu." Akanielekezea kidevu. "Huyu alipoanza kulia akiwa shule ya msingi, nilijua ni nini. Nikamfundisha kunyamaza pia."

Nililia, tena kwa hasira. Nilimhurumia na nilitaka kumgombeza, vyote kwa pamoja, na sikuweza hata kimoja. Hakuna aliyenibembeleza. Yule dada wa Kongo alihama kiti chake akaenda kukaa karibu na Mama, akaanza kumweleza ya kwake tangu mwanzo, kwa sauti yake ya kawaida, na Mama hakumkatiza.