Vumbi la Sonara

Kule Kampala alikuwa sonara. Hapa Wembley, London, mwaka wa pili tangu Wahindi wafukuzwe Uganda, jirani yake Nizar anamfundisha kujaza upya baruti kwenye maganda ya risasi za bastola yaliyokwisha kutumika, maana wote wawili wana leseni na ni wanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Sonara hushika kila ganda kwa ncha za vidole kama pete ya bibi harusi, hulipuliza, hulichungulia ndani, hulipuliza tena.

Jioni moja baruti ilimwagika mezani. Papo hapo akatoa brashi yake ndogo, akaikusanya pamoja na makombo ya chapati, akataka kuirudisha koponi.

“Imeshachafuka hiyo, bhai. Itupe,” Nizar akamwambia.

“Sonara hatupi vumbi la mezani. La Kampala limebaki sakafuni, sikupewa muda wa kufagia.”

“Hii si dhahabu. Risasi ikikupasukia itakung'oa vidole.”

Alivitazama vidole vyake. Akaibeba baruti kwenye karatasi, akaimwaga bustanini mvuani. Aliporudi aliketi, akaishika brashi, akaendelea kuifagia taratibu meza iliyokwisha kuwa safi.