Kiuso cha Kucheka

Kazini walimwita Mkasi, na si kwa sababu alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mtengenezaji wa masomo ya mtandaoni ya wafanyakazi wa hospitali: yeye ndiye aliyepanga picha, maelezo, sauti na maswali ya mwisho. Ukimpelekea somo asubuhi, jioni linakurudia limekonda. Picha ya maua kwenye pembe, toka. Salamu ndefu ya mkurugenzi, toka. Muziki wa kufungulia, toka na usirudi.

"Kila unachomwekea mtu mbele ya macho umemwomba akitazame," alikuwa akisema, kidole juu. "Sasa kama hakina kazi, umekiita kije kufanya nini? Kula?"

Wenzake walicheka, lakini walimheshimu. Hasira zake zilikuwa za karibu, ndiyo, zikiwaka hata kwa mambo madogo, ila hakuwa mtu wa kugomba bure. Ukikaa naye kidogo unagundua kwamba kinachomkera ni kimoja tu: mtu kukaa mbele ya somo, akatoka vilevile alivyoingia, kisha akajiona mjinga.

Basi wakaletewa mkuu mpya wa kitengo. Bwana huyu alitoka kwenye matangazo ya sabuni. Viatu vinang'aa, maneno yanateleza, na kila alichokigusa alitaka kiruke, kizunguke au kiimbe. Haikupita muda wakamwita Mbwembwe, kwa siri bila shaka, maana mkate hauchezewi.

Somo la kwanza kumpelekea lilikuwa la mashine ya mvuke. Hospitali kadhaa zilikuwa zimeleta mashine mpya za kuulia vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji, na wote wanaoosha vyombo walitakiwa kujifunza kuzitumia kupitia simu zao. Mkasi alikuwa amelitengeneza kwa mapenzi. Picha moja ya mashine. Sauti inaeleza, mshale unaonyesha panapoelezwa. Jina la kila sehemu limeandikwa palepale kwenye sehemu yenyewe, si chini kabisa ambako jicho linapotea njia likitafuta. Kila hatua inasimama na kumngoja mtu mpaka abonyeze "endelea". Na jambo kubwa kuliko yote lilipewa nafasi yake peke yake: usifungue mlango mpaka mshale wa geji ya kupimia mvuke ushuke hadi sifuri, la sivyo mvuke utakutoka usoni.

Mbwembwe alilitazama dakika mbili akapiga mwayo.

"Limepooza, dada yangu. Chai bila sukari. Watu watalala."

"Bosi, hawaji kunywa chai. Wanakuja kujifunza wasiungue."

"Niachie mimi."

Akaachiwa, maana mwenye rungu ndiye mwenye njia. Somo likarudi limevaa kama bwana harusi. Sindano ya katuni yenye miguu inacheza pembeni tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbo. Herufi zinaruka kutoka kushoto, zinajipanga, zinapepesuka. Na maneno yote yanayosemwa na sauti yameandikwa chini vilevile, neno kwa neno, ili mtu asome na kusikiliza kwa pamoja. Kama kwamba kuambiwa jambo moja na watu wawili wasioenda sawa ni kulielewa mara mbili. Kitufe cha "endelea" kimeondolewa. Linakimbia moja kwa moja, ukichelewa shauri yako. Mwishoni, kwa herufi za dhahabu, limeandikwa jina la mtayarishaji: lake yeye Mkasi! Loh! Alisimama mbele ya kompyuta mikono kiunoni. Alipinga mkutanoni, akaambiwa ana wivu. Akarudi mezani kwake, lakini hasira hakuiacha mkutanoni.

Sasa nyumbani kwake aliishi na mama mkwe. Hawa wawili walipendana kwa mbali, kama wakwe wengi. Waligombana juu ya namna ya kukamua tambara la deki na mahali pa kuweka chumvi. Lakini kuna kitu kimoja Mkasi alichomheshimia bila ubishi: kazi yake. Mama huyu alikuwa mwoshaji wa vyombo katika chumba cha upasuaji cha mojawapo ya hospitali hizo tangu mumewe Mkasi hajaota meno. Sare yake ya kijani aliipiga pasi mwenyewe, hakuna kuigusa. Akirudi kazini huvua viatu mlangoni na kusema, "Leo pia hakuna aliyeoza kwa mkono wangu," kisha ndipo anaomba maji.

Jioni moja Mkasi aliingia sebuleni akamkuta amekaa mezani, miwani puani, simu imeegemezwa kwenye birika. Anatoa machozi kimyakimya. Mkasi hakuwahi kumwona akilia, hata msibani kwa baba mkwe alikuwa ndiye anayewabembeleza wengine.

"Mama, kuna nini?"

"Nimefeli, mwanangu. Lile somo la mashine. Wametupa nafasi moja tena, Ijumaa. Nikianguka tena nitapumzishwa."

Kupumzishwa! Neno zuri la kumfukuza mtu mzima. Mkasi akavuta kiti akakaa nyuma yake. "Hebu lifungue tena nikuone."

Hakutazama simu. Alitazama macho ya mama mkwe, na alichokiona kilimchemsha damu. Sindano ikaruka, macho yakaifuata. Herufi zikaanza kuruka, macho yakaiacha sindano yakakimbilia herufi. Midomo ikaanza kusoma taratibu, lakini sauti ilikwisha kufika mbele, akaiacha midomo ili aisikilize sauti, akapoteza aliposoma. Wakati huo geji ilitokea katikati ya kioo, kubwa, nyekundu, mshale unashuka. Sindano ikapiga sarakasi. Mama akatabasamu kidogo, akaitazama sindano. Geji ikaondoka.

Mkasi akasimamisha. "Mama, mshale wa geji ulifika wapi?"

"Geji ipi?"

Akauma midomo. "Na wimbo je, unasemaje?"

Mama mkwe akauimba wote, beti na kiitikio, bila kukosea.

"Unaona?" akasema kwa uchungu, akivua miwani. "Upuuzi ndio umeingia, la maana limegoma. Kichwa changu kimekwisha. Wasichana wale wapya wananiambia nikapumzike, labda kweli."

"Si kichwa chako!" Mkasi alifoka mpaka kifuniko cha birika kikalia. "Nani aliyekuambia ni kichwa chako? Ukipewa njia iliyotandazwa mahindi, ukateleza, utasema miguu yako mibaya?"

"Sasa mbona unanigombeza mimi?"

Mkasi akainuka. Alikwenda jikoni akaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Mbwembwe bila kubisha hodi, kitambaa chekundu kichwani. Akamwambia yote: kwamba watu wanafeli, kwamba wanafeli swali lilelile la geji, kwamba siku moja mtu atafungua mlango ule kabla ya wakati na uso wake utakuwa wa kuelezea watu. Akamwomba warudishe somo la kwanza kabla ya Ijumaa. Ndiyo, alimwomba, na kuomba kulimtoka kama jino.

Mbwembwe akageuza kompyuta yake. Kila mwanafunzi alipomaliza somo alitakiwa kubonyeza kiuso: cha kucheka au cha kununa. Ukurasa ulikuwa umejaa vicheko kutoka juu hadi chini, viuso vya njano vimepangana kama maembe gengeni.

"Nionyeshe mmoja tu aliyenuna," akasema. "Wanalipenda. Wanafeli kwa sababu hawajitumi. Wewe na mimi nani anawajua watu?"

Mkasi alitazama vicheko vile, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama kweli yeye ndiye mwenye kisirani. Na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Aliporudi nyumbani hakusalimu hata.

"Mama, ulipomaliza lile somo ulibonyeza kiuso gani?"

"Cha kucheka."

"Ulicheka nini? Umefeli, umelia, halafu unacheka?"

Mama mkwe alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kukunja, polepole.

"Jina lako lilikuwa pale mwishoni, mwanangu. Kwa dhahabu. Ningenunaje? Nikinuna si nimekuharibia kazi? Nikasema, kama mimi sielewi, acha nisielewe peke yangu, wewe usiguswe." Akaweka shati juu ya rundo. "Na wenzangu wote nikawaambia: huyu ni mkwe wangu, ndiye anayenitunza, ole wake atakayenuna. Mpaka wa hospitali za jirani niliwapigia."

Mkasi akakaa chini sakafuni, palepale kwenye nguo. Ukurasa mzima wa vicheko, jamani, kumbe ni mapenzi ya mwanamke mmoja mwenye simu na mdomo! Wamefeli wanacheka, wameogopa wanacheka, na yule wa sabuni anahesabu meno. Alitaka kupiga kelele, akataka kumkumbatia mama yule, akashindwa achague lipi, akaishia kufanya la kwanza.

"Mama, umeniua! Wewe ndiye uliyempa yule mtu fimbo ya kunipigia!"

"Nilikuwa nakukinga."

"Najua! Najua ulikuwa unanikinga! Ndiyo maana nina hasira!"

Kisha Mkasi akashusha sauti, jambo gumu kwake. "Safari hii sema kweli. Likikukera, nuna. Hata kama ni langu. Hasa kama ni langu. Na wenzako waambie hivyohivyo."

Alhamisi hakumwomba mtu ruhusa. Alilitoa somo lake la kwanza, akarekodi upya sauti, maana ile ya zamani Mbwembwe aliifuta. Alijifungia katika stoo ya vitabu ili makelele ya barabarani yasiingie, akasema na kinasa sauti kama anayesema na mama mkwe mezani: "Tazama hapa. Huu ndio mlango. Usiuguse kwanza." Akaongeza kitu kimoja ambacho hakikuwapo: kila baada ya hatua, somo linamwuliza mtu, na likimwona amekosea halimzomei, linamrudisha palepale pa kutazama. Akaliweka mtandaoni mahali pa lile la wimbo. Jina lake akaliacha, dogo, jeusi. Wakitaka kumfukuza, wajue wa kumfukuza.

Ijumaa mama mkwe alitoka na sare iliyonyooka kama karatasi. Mkasi alikaa kazini simu mkononi, chakula hagusi, mhudumu wa chai akamkwepa. Mchana ujumbe ukaingia, maneno mawili tu: "Nimebaki kazini." Aliingia chooni, akafungua bomba ili wasimsikie.

Jumatatu Mbwembwe alimwita, amewaka.

"Umebadilisha somo bila idhini yangu! Na tazama!" Ukurasa umejaa viuso vya kununa, kimoja baada ya kingine, na vicheko vya kuokoteza. "Watu wamekasirika. Wanataka wimbo wao."

"Wamefaulu?"

"Sizungumzii kufaulu."

"Mimi ndiko ninakozungumzia! La kwanza walicheka wakafeli. Hili wamenuna wakafaulu. Hatukuwekwa hapa kuchekesha watu, bosi, mle ndani mna mvuke!"

"Kundi lijalo litapata wimbo. Nimekwisha kuamua."

"Sawa." Mkasi akainuka. "Lakini jina langu hulitumii tena. Andika lako, kwa dhahabu. Siku mtu akiungua, watafungua somo waone limetayarishwa na nani."

Mbwembwe akasema jina la mkuu wa kitengo huwa haliwekwi, si utaratibu. Mkasi akamwambia utaratibu ni kalamu tu, leo anaweza kuubadilisha. Bwana akaanza kutafuta kitu kwenye droo, akatafuta sana, na Mkasi akatoka akiwa bado anatafuta. Wimbo haukurudi wiki ile, wala iliyofuata.

Jioni alimkuta mama mkwe anavua viatu mlangoni, huku anauimba uleule wimbo wa sindano, kiitikio na yote.

"Mama, tafadhali!"

"Hautoki, mwanangu. Nitazikwa nao."

"Hivi wewe ulibonyeza nini Ijumaa?"

"Nilinuna," akasema bila aibu. "Uliniambia niseme kweli. Sauti yako kali mno. 'Usiuguse,' unasema, kama vile nimekwisha kuugusa. Nimekaa pale mtu mzima nagombezwa na simu."

Mkasi akasimama, mikono kiunoni.

"Leo mmoja wa wale wasichana wapya alitaka kufungua mashine, ana haraka ya kuondoka," mama mkwe akaendelea, akiweka viatu vyake sambamba. "Mshale ulikuwa bado juu. Mkono wake uko kwenye komeo. Nikasikia sauti yako kichwani, nikamfokea vilevile unavyofoka wewe, mpaka daktari akachungulia. Akaliacha komeo analia." Akanyoosha mgongo. "Uso wake u mzima. Hebu niletee maji."